Usimnyang'anye Kazi Mgonjwa Wako

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi mwashi. Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi moja akiwa juu ya jukwaa la miti akipiga lipu, mti mmoja ulikatika. Alianguka chali juu ya rundo la mawe. Wenzake walimbeba mabegani, wakampakia nyuma ya pikapu na kumkimbiza hospitali. Walifanya hivyo kwa upendo, bila kujua kwamba mtu aliyeumia mgongo habebwi mabegani. Hulazwa juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa, na watu kadhaa humwinua kwa pamoja ili shingo na mgongo visipinde.

Mkewe alifika wodini akiwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine amemshika mkono. Alimtazama mumewe, akatugeukia sisi wauguzi akauliza, "Sista, atatembea lini?"

Swali hilo tumelisikia mara nyingi. Tumelisikia kwa mama ambaye kijana wake aligongwa akiwa kwenye bodaboda, na kwa binti ambaye baba yake alianguka kutoka juu ya mwembe. Ni swali la haki. Lakini kwa kadiri tulivyowahudumia watu hao, hospitalini na baadaye majumbani pamoja na akina mama wenzetu wa kanisa, tumejifunza kwamba liko swali la pili ambalo watu wengi hawaliulizi: Je, asipotembea, ataishi kwa ajili ya nini? Makala hii ni juu ya swali hilo la pili.

Kilichotokea mwilini

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna kamba laini ya mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Kamba hiyo hupeleka amri za ubongo kwenye viungo, na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Mfupa uliovunjika huweza kuunga. Lakini kamba hiyo ikikatika kabisa, hata leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuiunga tena.

Aliyeumia shingoni hupooza mikono na miguu. Aliyeumia kifuani au kiunoni hupooza miguu, lakini mikono yake inabaki na nguvu. Wote wawili kwa kawaida hupoteza uwezo wa kuzuia haja ndogo na haja kubwa. Hata hivyo si kila jeraha hukata kamba yote. Wapo wanaorudiwa na nguvu, hasa katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana daktari mwaminifu hawezi kukuambia siku ya kwanza kitakachokuwa. Usimwone kuwa anakuficha.

Utunzaji unaookoa maisha

Kabla hatujafika kwenye kazi na furaha, lazima mgonjwa awe hai. Mama mpendwa, yashike mambo haya matano.

La kwanza ni ngozi. Mtu asiyehisi hajui kwamba amelalia upande mmoja muda mrefu mno. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, nayo hufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia vinavyoanza. Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Akiwa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono au ajiegemeze upande mmoja na kisha mwingine kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kagua makalio, visigino na nyonga kila siku. Ukiona wekundu au weusi usiotoweka, asilalie upande huo mpaka utoweke. Na tahadhari na moto: kikombe cha chai mapajani au jiko la mkaa karibu na miguu huunguza bila yeye kupiga kelele.

La pili ni mkojo. Wengi hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6, wakiwa wamenawa mikono kwa sabuni. Homa, mkojo mzito au wenye harufu kali ni dalili za kurudi kituo cha afya upesi.

La tatu ni haja kubwa. Weka saa moja maalumu kila siku au kila siku ya pili, mara nyingi baada ya chai ya asubuhi. Mpe maji ya kutosha, mboga za majani na matunda. Utaratibu huo humrudishia mtu heshima yake, maana haogopi tena kupokea wageni.

La nne ni viungo. Kiungo kisichokunjwa na kunyooshwa hukakamaa. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali.

La tano ni la hatari. Aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho usoni na uso kuwa mwekundu au wa moto, huenda shinikizo la damu limepanda sana. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, kisha tazama kama kibofu kimejaa, mpira umeziba au choo kimekwama. Usipoona nafuu mara moja, kimbilia hospitali.

Tulipokosea sisi

Fundi wetu alirudi nyumbani baada ya miezi mingi. Mkewe alijifunza yote tuliyoyataja hapo juu, na aliyafanya kwa bidii. Alimlisha, ingawa mikono ya mumewe ilikuwa mizima. Alimnyoa ndevu. Alijibu maswali ya wageni kwa niaba yake. Watoto walifundishwa kutembea kwa kunyata na kutomsumbua baba. Kitanda kiliwekwa chumba cha nyuma ili apate utulivu.

Nasi tulimtembelea kila juma. Tulileta sukari, sabuni na unga. Tuliimba, tuliomba asimame, tukanywa chai, tukaondoka. Kila tulipokwenda tulimkuta amegeukia ukutani. Alikuwa amekonda. Tulisema kimoyomoyo kwamba imani yake imepoa.

Siku moja, baada ya sala, alituuliza bila kugeuka, "Kila juma mnaniombea nisimame. Nani ataniombea nipate cha kufanya?"

Tulinyamaza. Njiani kurudi hakuna aliyezungumza. Tulikuwa tumemletea kila kitu isipokuwa kile alichokikosa. Mtu yule aliwahi kujenga nyumba za watu. Sasa hata mwanawe hakuruhusiwa kumwomba amfungie kifungo cha shati. Ajali ilimwondolea miguu, na sisi kwa upendo wetu tukamwondolea mikono.

Tangu siku hiyo tulianza kusoma na kuuliza, wengine walioumia hivyo walipataje kuishi? Tuliyoyapata tunawashirikisha.

Daktari aliyewatoa vitandani

Zamani mtu aliyepooza kwa jeraha la mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Wengi walikufa mapema kwa vidonda na maambukizo ya mkojo. Katika vita kuu ya pili ya dunia, daktari mmoja Myahudi aitwaye Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani mwaka 1939 pamoja na mkewe na watoto wao, alipewa wodi ya askari waliopooza. Ilikuwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wodi hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944.

Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Vidonda vikapungua, watu wakaanza kuishi. Lakini hakuridhika na hilo. Aliwataka waondoke kitandani, wafanye kazi za mikono kama useremala, na wacheze michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kupiga upinde na mishale katika viwanja vya hospitali. Kupiga upinde huimarisha mikono, mabega na mgongo wa juu, yaani viungo vile vile ambavyo mtu aliyepooza miguu huvitegemea kujiinua kitini. Kwa hiyo mchezo ule ulikuwa dawa.

Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo inayohesabiwa Paralimpiki ya kwanza. Mmoja wao alikuwa Margaret Maughan, mwalimu Mwingereza aliyeumia mgongo katika ajali ya gari mwaka 1959 huko Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Alijifunza upinde pale Stoke Mandeville, na huko Roma akapata medali ya dhahabu. Mwaka 2012, akiwa bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, yeye ndiye aliyewasha moto wa Paralimpiki mjini London.

Brashi katikati ya meno

Huenda utasema, hao walikuwa na mikono. Je, asiye na mikono?

Akina mama wengi Wakristo wamesikia habari za Joni Eareckson Tada wa Marekani. Tarehe 30 Julai 1967, akiwa msichana wa miaka 17, alijirusha kwenye maji ya ghuba ya Chesapeake, na maji yalikuwa na kina kifupi kuliko alivyodhani. Shingo ilivunjika. Dada yake ndiye aliyemtoa majini. Tangu siku ile mikono na miguu yake imepooza.

Tunapenda kusimulia mwisho wa habari yake na kuruka mwanzo. Mwanzo wake ulikuwa hasira, giza na kutamani kufa. Alimhoji Mungu. Alikwenda hata kwenye mkutano wa maombi ya uponyaji, akarudi akiwa kwenye kiti kile kile. Katika miaka ile miwili ya matibabu alifundishwa kushika kalamu, kisha brashi, kwa meno. Akachora. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1976. Mwaka 1979 alianzisha huduma ya kuwasaidia walemavu na familia zao, na mwaka 1982 akaolewa. Tangu mwaka 1994 huduma hiyo imekuwa ikikusanya viti vya magurudumu vilivyotumika, ambavyo hutengenezwa upya na wafungwa katika magereza ya Marekani, kisha hupelekwa nchi zenye uhitaji, Afrika ikiwamo.

Angalia jambo hili, dada msomaji. Wafungwa, watu ambao jamii imewafungia nje, wanatengeneza viti kwa watu wasioweza kutoka nje. Kila upande unapokea na kutoa.

Sanaa si anasa kwa mgonjwa. Anayechora, anayesuka au anayefinyanga huamua mwenyewe: rangi ipi, ukubwa gani, imalizike lini. Kwa mtu ambaye hata saa ya kugeuzwa kitandani huamuliwa na wengine, uamuzi huo mdogo una thamani kubwa. Nyimbo nazo zina nguvu ya pekee. Aliyeumia shingoni huvuta pumzi kwa shida, na kuimba ni mazoezi mazuri ya pumzi. Aliyeumia kichwani, au aliyepigwa na kiharusi, wakati mwingine hawezi kutamka hata jina lake, lakini tenzi alizozijua tangu utoto zinaweza kumtoka mdomoni na maneno yake yote. Kwa hiyo kwaya ikija kumtembelea, isimwimbie tu. Iimbe naye.

Mama aliyerudi juu ya farasi

Viumbe wa Mungu nao wana sehemu yao katika uponyaji. Florence Nightingale, aliyeweka msingi wa kazi yetu ya uuguzi, aliona tangu karne ya 19 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri kwa mgonjwa wa muda mrefu.

Habari inayotugusa zaidi ni ya Lis Hartel wa Denmark. Yeye hakuanguka. Aliugua polio mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mimba ya mtoto wake wa pili. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama alikuwa amepooza. Hartel alikuwa mpanda farasi hodari, naye hakukubali kuacha. Kwa mazoezi ya muda mrefu mikono na mapaja yalirudiwa na nguvu kiasi, ingawa chini ya magoti hakupona. Alirudi juu ya farasi. Mwaka 1952 kule Helsinki, katika Olimpiki ya kwanza ambayo wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za madaha, alipata medali ya fedha. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Aliyepata dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kufika jukwaani. Mwaka 1956 alipata fedha tena.

Mfano wake uliwasukuma watu wa Ulaya kuanza kutumia farasi kama tiba. Sababu inaeleweka. Farasi anapotembea polepole, mgongo wake huitikisa nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawasawa na nyonga ya mtu anayetembea mwenyewe. Misuli ya kiwiliwili hujifunza kusimama imara, na joto la mnyama hulegeza misuli iliyokaza. Wamarekani nao, tangu mwaka 1975, wamekuwa wakifundisha mbwa wa kuwasaidia watu walio kwenye viti: kufungua mlango, kuokota kitu kilichoanguka, kuwasha taa.

Lakini kuna sababu nyingine isiyo ya misuli. Mnyama hamwonei mtu huruma. Hatazami miguu. Hutazama mkono ulioshika chakula, na kesho yake huungoja tena.

Kwetu tuna kuku

Farasi kwetu ni wachache, na mbwa wa kufundishwa hivyo hatunao. Lakini kuku tunao, sungura tunao, mbuzi tunao.

Tulirudi kwa fundi wetu, safari hii bila sukari. Tulikaa na mkewe jikoni, tukamweleza tuliyojifunza. Alilia kidogo. "Nilidhani nikimwachia kazi watu watasema simpendi," alisema. Kisha tukaingia chumbani, tukamwuliza mumewe anachotaka. Alifikiri muda mrefu. Akajibu: daftari, rula na penseli. Na kitanda kihamishwe sebuleni.

Alianza kwa kuchora ramani za nyumba, kwanza ya kwake mwenyewe, yenye milango mipana na ngazi iliyogeuzwa kuwa mteremko. Mwanawe mkubwa alikaa pembeni, naye akamfundisha kukadiria matofali. Baadaye akaomba kuku wawili. Banda lilijengwa kwa urefu anaoufikia akiwa kwenye kiti, na yeye ndiye aliyeelekeza ujenzi. Kila asubuhi ilibidi ajiinue kutoka kitandani hadi kitini ili awape maji na pumba. Mazoezi aliyokuwa akiyakataa kwa mtaalamu, sasa aliyafanya kwa sababu kuku wana njaa.

Hatutaki kukudanganya kwamba mambo yalinyooka. Miezi michache baadaye alikaa bandani muda mrefu mno bila kujiinua, akapata kidonda kwenye kalio. Alilala kifudifudi miezi mitatu. Mkewe aliogopa, akataka kuwauza kuku wote. Mumewe alisema, "Mama watoto, ukiwauza, nitaamka kwa ajili ya nani?" Kuku wakabaki, watoto wakawalisha kwa maelekezo yake, na kidonda kikapona. Tangu hapo hutumia saa ya mezani inayolia, kumkumbusha kujiinua.

Miguu yake haikurudi. Leo mafundi vijana humletea kazi awakadirie saruji na nondo, nao humlipa. Na anakula mwenyewe.

Unaweza kuanzia wapi

Muulize, usimkisie. Jambo gani alilipenda kabla ya ajali? Sehemu gani ya jambo hilo bado anaiweza? Aliyekuwa mpishi anaweza kuchambua mchele na kuonja chumvi. Aliyekuwa mwalimu anaweza kusimamia masomo ya jioni. Asiyeweza kusogeza mkono anaweza kuamua mboga ya leo na kusikiliza matatizo ya watoto.

Anza na kidogo kinachomalizika siku hiyo hiyo: ukili, fumi, shanga, kumenya vitunguu. Akikosea, usimnyang'anye ukamalizia wewe. Mwache amalize vibaya, kesho atafanya vizuri.

Ukichagua mnyama, chagua anayetunzika. Kuku wachanjwe kideri, mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa. Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo, na wanyama wasikaribie kidonda wala mpira wa mkojo. Kama amepata jeraha jipya, mwulize kwanza daktari wake ni mazoezi gani yanaruhusiwa.

Tafuteni wenzenu. Pale Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha mwaka 2003 kazi iitwayo Neema Crafts, ikianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye watu wengi wenye ulemavu wa namna mbalimbali wamepata humo ufundi na mshahara. Kanisa lenu si lazima lianze na jambo kubwa. Nao pia walianza na watatu.

Na wewe mama

Tunajua nani huamka saa nane usiku kumgeuza mgonjwa. Ni wewe. Mgongo wako nao unaweza kuumia, kwa hiyo omba ufundishwe namna ya kumhamisha mtu bila kumwinua kwa nguvu zako zote. Panga zamu na ndugu. Lala mchana mara moja moja bila kuona aibu. Habari za unyumba nazo hubadilika baada ya jeraha kama hili, lakini hazifi. Muulizeni daktari au muuguzi pamoja, mume na mke. Hatutashangaa, tumezoea kuulizwa.

Na mgonjwa wako akigeukia ukutani, akikataa chakula au akisema afadhali afe, usimkemee kwamba hana imani. Mwambie daktari. Huzuni hiyo ni sehemu ya jeraha, nayo inatibika.

Meza ya mfalme

Katika kitabu cha pili cha Samweli tunasoma habari za Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli. Alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Mlezi wake alimchukua na kukimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Sisi tulio walezi na wauguzi habari hiyo hutuchoma. Aliyemwangusha alikuwa anamwokoa.

Miaka ikapita, mfalme Daudi akamtafuta. Biblia haisemi kwamba miguu yake ilipona. Inasema mambo mawili aliyotendewa. Mfalme alimrudishia mashamba ya babu yake, na akampa nafasi ya kula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Alipata mali yake, na mahali pake. Mwisho wa sura hiyo tunaambiwa tena kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili, naye alikuwa mezani.

Mama mpendwa, endelea kumwombea wako asimame. Nasi tunaomba pamoja nawe. Lakini jioni ya leo, kabla hujapeleka sahani chumba cha nyuma, waite watoto wasogeze viti, mlete mgonjwa wako mezani, na umwombe yeye abariki chakula.